Vua Viatu Upimwe Miguu

Leo nazungumza na mwenye kisukari anayetoka kliniki akijisifu: "Sukari yangu iko sawa." Hongera. Ila sukari ya asubuhi moja ni ya asubuhi hiyo tu. Kipimo cha HbA1c ndicho huonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3. Na macho, je, yalipimwa lini? Mkojo? Na miguu iliyofichwa na viatu, nani ameigusa?

Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu, tena bila kuuma. Dereva anasoma namba za lori linalotoka Nakonde, upande wa Zambia, kumbe nyuma ya jicho damu imeshaanza kuvuja. Mwenye kisukari aina ya pili huchunguzwa macho mara anapogundulika, kisha kwa kawaida kila mwaka. Wa aina ya kwanza huanza miaka 5 hivi baada ya kugundulika. Matone ya kupanua mboni hutia ukungu, basi siku hiyo usishike usukani. Kama kituo chako hakina mtaalamu wa macho, omba rufaa, hata ikiwa ni ya Mbeya. Kutoka Tunduma hadi Mbeya ni kilomita 100 na ushee. Figo nazo hupimwa kila mwaka, kwa mkojo na damu.

Miguu ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi huku Songwe. Juni na Julai, baridi ya Mbozi na Ileje ikibana, watu huota moto jikoni. Mguu wenye ganzi hausikii moto. Malengelenge huonekana asubuhi. Pale Tunduma dereva anashinda na malapa kwenye foleni ya malori, anakanyaga msumari, anavuka mpaka nao. Kidonda anakijua kikishatoa harufu.

Kupima ganzi hakuhitaji mashine: unafumba macho, mhudumu anagusa nyayo kwa uzi maalumu wa plastiki, nawe unasema umesikia wapi. Asipokumbuka, vua viatu mwenyewe. Siyo utovu wa adabu.

Nyumbani, tazama nyayo kila jioni kwa kioo, au muite mtoto akuangalizie. Kausha katikati ya vidole. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa. Ukiona kidonda, hata kisichouma, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Na wewe wa safari ndefu, daftari la kliniki likae garini, ili ukiugulia Kapiri Mposhi, Zambia, daktari wa huko ajue unatumia dawa gani.