Mazoea ya Kila Siku: Kinachobaki Semina Ikiisha

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika na marafiki wafadhili





Tumepewa kuzungumzia mazoea ya kila siku yanayomkuza Mkristo kiroho. Tuanze na jambo ambalo kila mjumbe hapa analifahamu. Semina ikifanyika usharikani, watu hujaa. Nyimbo huimbwa, madaftari huandikwa, na wengi huahidi kwamba kuanzia kesho watasoma Neno na kuomba kila asubuhi. Ofisi huhesabu washiriki na kutuma taarifa kwa wafadhili. Taarifa hiyo ni ya kweli, lakini haisemi kinachotokea nyumbani Jumatatu alfajiri, wakati ng'ombe hajakatiwa majani na mtoto anatafuta soksi ya shule. Hapo ndipo ahadi inapojaribiwa, na hapo mwezeshaji wa semina hayupo.

Hoja yetu leo ni moja. Zoea la kiroho halidumu kwa nguvu ya hamasa. Hudumu likiwa dogo, likifungwa kwenye saa na mahali maalumu, na likilindwa na wenzetu.

Kabla ya kuendelea, tuweke msingi. Sisi Walutheri tunaamini kwamba tunahesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani. Kuomba kila siku hakutununulii wokovu. Wanaotoka Kilimanjaro wanaijua mifereji ya asili. Maji hutoka mlimani, hakuna aliyeyatengeneza. Hata hivyo, wanakijiji hutoka na majembe kuusafisha mfereji, kwa sababu ukijaa matope na majani, migomba hukauka ingawa mlimani maji yapo. Mazoea ya kiroho ni kazi ya kusafisha mfereji.

Sasa tutazame mambo matatu.

La kwanza ni saa na mahali. Katika Danieli 6:10 tunasoma kwamba Danieli aliomba mara tatu kwa siku, chumbani mwake, madirisha yakielekea Yerusalemu. Amri ya mfalme ilipotoka, hakuanza jambo jipya. Aliendelea na alilozoea. Martin Luther naye, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliwawekea watu wa nyumbani utaratibu mfupi: ukiamka, fanya ishara ya msalaba, sema Imani na Baba Yetu, ongeza sala fupi, kisha nenda kazini kwa furaha. Jioni fanya vivyo hivyo, kisha ulale. Tazameni hekima yake. Aliifunga sala kwenye mambo mawili ambayo kila mtu huyafanya, kuamka na kulala. Nasi tunaweza kufanya hivyo. Mama anaweza kuomba akisubiri chai ichemke, na kijana wa bodaboda kabla hajawasha pikipiki.

La pili ni udogo na umakini. Mwaka 1535 Luther aliandika kijitabu kifupi kwa ajili ya kinyozi wake, Peter, aliyetaka kujua namna ya kuomba. Alimshauri sala iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku, na ajihadhari na wazo la kusema, subiri kidogo, nimalize hili kwanza. Akamkumbusha kwamba kinyozi mwema huweka macho na akili kwenye wembe. Akipiga soga huku akinyoa, anaweza kumkata mtu. Kisha akamwonyesha njia: chukua amri moja kati ya Amri Kumi, ujiulize inakufundisha nini, umshukuru Mungu kwa lipi, utubu lipi, na uombe lipi. Fundisho, shukrani, toba na ombi. Dakika kumi zinatosha. Asiyejua kusoma hakosi nafasi, maana Amri, Imani na Baba Yetu alivijifunza kwa moyo tangu kipaimara.

La tatu ni wenzetu. Huko Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, Nikolaus von Zinzendorf alianza kuwapa Wamoravian neno moja la kuishika siku, likapelekwa nyumba kwa nyumba. Kitabu cha kwanza cha maneno hayo kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731, na hadi leo hutolewa kila mwaka kwa lugha nyingi. Kanisa hilo hilo ndilo lililoleta Injili Rungwe mwaka 1891. Mfano wao unatufundisha jambo: mtu akijua kwamba jirani yake naye amelipokea neno lilelile, wakikutana kisimani wana la kuzungumza. Sisi tunazo jumuiya zetu. Zinaweza kuifanya kazi hiyo bila gharama kubwa.

Ndugu wapendwa, zoea huchukua muda gani kukomaa? Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London walichapisha mwaka 2010 utafiti juu ya watu 96 waliojaribu kuanza zoea jipya la chakula, kinywaji au mazoezi, baada ya tukio fulani la kila siku. Kwa wastani ilichukua siku 66 hadi jambo lifanyike bila kujilazimisha. Wengine walihitaji siku 18 tu, na wengine walikadiriwa kuhitaji hadi 254. Tena waliona kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Utafiti huo haukuhusu sala, lakini unatusaidia kupanga. Semina ni ya siku tatu, na zoea linahitaji miezi. Anayeteleza Jumatano asikate tamaa; aanze tena Alhamisi.

Kwa hiyo tunaleta maombi mawili.

Kwa kamati za sharika: kila semina iwe na mpango wa ufuatiliaji wa miezi mitatu. Kila mshiriki achague zoea moja tu, ataje saa na mahali, na apate mwenzake wa jumuiya wa kuulizana naye kila wiki. Mzee wa kanisa awatembelee, si kwa kukagua, bali kwa kuomba pamoja nao.

Kwa marafiki wafadhili: mtuvumilie taarifa zikiwa na semina chache kuliko mlivyozoea. Nauli ya mwinjilisti anayerudi kwenye kaya ileile mara ya nne haipendezi katika picha, lakini ndiyo inayoitunza mbegu mliyoigharamia. Tunaomba fungu la ufuatiliaji lisiwe la kwanza kukatwa bajeti inapopungua.

Luther alimtuma mtu aliyeomba aende kazini kwa furaha. Sala ya asubuhi inapozoeleka, humtuma Mkristo kwa mgonjwa, kwa yatima na kwa jirani asiye na unga. Ndiyo maana jambo hili ni la miradi yetu pia.

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu. Amina.