Chanjo Kwanza, Ndipo Makka: Maneno kwa Wanaojiandaa kwa Hija



Nauli mmeidunduliza kwa miaka mingi. Chanjo ni kazi ya siku moja, nayo ndiyo huachwa hadi wiki ya mwisho. Saudi Arabia inamtaka kila hujaji awe amechanjwa dhidi ya homa ya uti wa mgongo, chanjo ya aina nne, yaani A, C, W na Y, angalau siku 10 kabla ya kuwasili. Mwili unazihitaji siku hizo ili ujenge kinga. Anayenunua cheti bila kuchomwa sindano huenda akampita mkaguzi, ila ugonjwa hausomi vyeti.

Mwaka 2000 baadhi ya mahujaji walirejea makwao na bakteria wa aina ya W kooni, wenyewe wakiwa wazima kabisa, na jamaa waliobaki nyumbani wakaugua. Kwa hiyo chanjo hii humlinda pia mjukuu atakayekukimbilia kukupokea.

Aliyekwisha kuchanjwa homa ya manjano asiitupe kadi yake ya zamani: tangu Julai 2016 kadi hiyo hutambuliwa kwa maisha yote ya mwenyewe.

Wenye kisukari na shinikizo la damu, dawa zenu zikae katika mkoba wa mkononi, pamoja na barua ya daktari. Mwaka 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 50, na mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki. Bebeni mwavuli, mnywe maji kabla ya kiu.

Fikeni kituo cha afya mapema, mkiwa na pasipoti, mwelekezwe inakotolewa chanjo.