Ardhi Isiyouzwa na Mtu Mmoja

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu, mpima ardhi mstaafu, baada ya chakula cha jioni katika mkutano wa wanafunzi wa zamani. Tunaichapa kwa maombi ya wengi waliokuwepo.)



Kamati imenipa dakika ishirini niseme habari za ardhi. Kumpa mpima ardhi mstaafu kipaza sauti ni jambo la hatari, kwa maana mtu aliyezoea kutembea na mnyororo porini hajui kukata maneno mafupi. Hata hivyo nitajitahidi.

Neno langu ni moja tu. Ardhi hupotea pale ambapo mtu mmoja anaweza kuiuza. Hubaki pale ambapo kuiuza hakuna budi kupite kwa watu wengi, mchana, mkutanoni, na kuandikwa katika kumbukumbu. Yote yatakayofuata ni maelezo ya neno hilo.

UDHAMINI NI NINI

Tazameni kiwanja cha mpira cha shule hii. Ni cha nani? Si cha Mkuu wa Shule, ingawa yeye ndiye anayefukuza mbuzi. Si chetu, ingawa magoti yetu yaliacha ngozi pale. Wala si cha hawa vijana wanaocheza leo. Kinashikwa na waliopo kwa ajili ya wale watakaokuja. Anayekishika anaruhusiwa kukitunza, kukitumia na kukitetea, lakini haruhusiwi kukifanya chake. Huo ndio udhamini. Ndugu zetu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwani wakfu wanaujua tangu mababu: mali ikishawekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi zawadi.

Katika nchi yetu ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwalimu Nyerere aliandika tangu mwaka 1958 kupinga ardhi kufanywa bidhaa ya kuuzwa moja kwa moja, na mwaka 1963 umiliki wa daima ulioachwa na wakoloni ukageuzwa kuwa upangaji wa serikali. Zikaja baadaye Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2001. Hii ya pili inasema kwamba Halmashauri ya Kijiji itasimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini anavyosimamia mali ya mwenye kufaidika. Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji anayemkatia mgeni ekari mia gizani, bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kujua, hakosi adabu tu. Anavunja amana.

FUNDISHO KUTOKA MBALI

Naomba tuvuke bahari kidogo, kwa sababu huko ndiko lilikotokea fundisho kubwa. Mwaka 1887 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyojulikana kwa jina la Dawes. Nia yake, kama ilivyotangazwa, ilikuwa njema: wenyeji wa asili wa nchi ile waache kushika ardhi kwa pamoja, kila mwenye nyumba apewe shamba lake, awe mkulima wa kisasa. Mashamba yakapimwa na kugawanywa. Ardhi iliyosemekana kuwa imezidi ikauzwa kwa walowezi. Waliopewa mashamba nao, muda wa zuio ulipokwisha, wengi walishindwa na kodi na madeni, wakauza. Makabila yale yalikuwa na ekari milioni 138 mwaka 1887. Mwaka 1934, sheria ilipobadilishwa, zilikuwa zimebaki milioni 48 hivi. Hawakupigana vita kwa ekari zile. Ziliondoka kwa kalamu, shamba moja baada ya jingine, na kila karatasi ilikuwa na sahihi.

Lakini nchi ile ile ilizaa dawa. Mwaka 1891, katika jimbo la Massachusetts, kiliundwa chombo cha wadhamini cha kushika maeneo mazuri ya asili kwa faida ya umma, na tangu hapo vyombo vya namna hiyo vimeenea. Baadhi hununua ardhi. Wengine humwacha mkulima na shamba lake, ila humlipa ili aandike ahadi, inayomfunga yeye na kila atakayelipata baada yake, kwamba shamba halitageuzwa viwanja. Mwaka 2022 chama kimoja cha kuhifadhi misitu ya miti ya redwood huko California kilirudisha ekari 523 za msitu kwa umoja wa makabila ya Sinkyone. Makabila yale yakapokea ardhi yao, nao wakaandika ahadi kwamba msitu hautaharibiwa. Mwenye ardhi ni mmoja, mshika ahadi ni mwingine, na hakuna anayeweza kuuza akiwa peke yake.

HAPA KWETU

Sasa turudi nyumbani. Hifadhi ya Tarangire ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Lakini nyumbu na pundamilia hawakupewa ramani. Mvua zikinyesha hutoka hifadhini, wakaenda kuzaa katika mbuga za Simanjiro, kwenye majani mafupi yenye lishe, pale pale ambapo Wamasai huchunga ng'ombe. Ng'ombe na nyumbu huweza kukaa katika mbuga moja, lakini trekta halikai nao. Mbuga ikishalimwa maharage miaka mitatu, hapana nyumbu wala ng'ombe, na ukame ukija hapana maharage pia.

Katikati ya miaka ya 2000 kampuni kadhaa za utalii zilifanya mapatano na kijiji cha Terrat. Kijiji kilikubali kwamba sehemu ya mbuga yake isilimwe wala isijengwe, wafugaji waendelee kuchunga kama kawaida, na kampuni zikalipa kijiji fedha kila mwaka. Ni ile ile ahadi niliyoitaja ya Marekani, ila hapa iliwekwa na kijiji kizima kwa mkutano wake.

Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 2011, katika bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu. Huko wanaishi Wahadzabe, watu wapatao elfu moja na kitu, wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Kwa miaka mingi kila aliyefika pale aliona pori tupu lisilo na mwenyewe, kwa kuwa hakuona shamba wala boma. Wahadzabe waliweza kupewa nini? Ekari tano kila mtu? Mwindaji wa ekari tano atawinda nini, panya? Shirika la Ujamaa Community Resource Team la Arusha liliwasaidia kutumia kifungu ambacho wengi wetu tulikuwa tukikipita, kwamba Hati ya Hakimiliki ya Kimila inaweza kutolewa kwa kundi, si kwa mtu tu. Wakapata hati ya pamoja ya zaidi ya hekta 20,000. Njia ile ikatumika pia kwa wafugaji, na mwaka 2016 Ndugu Edward Loure wa shirika hilo alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, wakati ardhi iliyolindwa hivyo ilikuwa imepita ekari 200,000. Wahadzabe nao wameanza kupata fedha kwa kutunza miti inayofyonza hewa ya ukaa. Zinalipa walinzi wa msitu, ada za watoto na matibabu.

Wilayani Kiteto vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao yakawa moja, na majina yao pia: OLENGAPA. Nalipenda jina hilo. Mpaka wa kijiji ni kitu kizuri, nami nimekula mshahara wa mipaka maisha yangu yote, lakini mvua hainyeshi kwa mipaka ya vijiji. Mfugaji aliyefungiwa kijijini mwake mwaka wa ukame atavamia kwa jirani, na hapo ndipo ngao na mikuki hutoka.

KAZI YENYEWE

Msidhani hati hizi huanguka kama mana. Kwanza mipaka ya kijiji ikubaliwe na majirani wote, na hapa huweza kupita mwaka mzima mkibishana juu ya mbuyu uliokwisha kufa. Kisha kijiji kipate Cheti cha Ardhi ya Kijiji. Halafu uandaliwe mpango wa matumizi ya ardhi: hapa pa kulima, hapa pa kuchunga, hapa maji, hapa msitu. Mkutano Mkuu uukubali. Zitungwe sheria ndogo zenye faini. Kundi lenyewe lijiandikishe, lichague viongozi. Ndipo hati itolewe. Jambo la mwisho, nalo husahaulika: kamati iendelee kukutana baada ya wageni kuondoka na picha kupigwa. Hati iliyofungiwa kabatini ni kama jembe lililoning'inizwa. Halilimi.

Wala sitawadanganya kwamba karatasi ni ngome. Tume ya Rais ya mwaka 1991, chini ya Profesa Issa Shivji, ilipendekeza ardhi ya vijiji iwe mikononi mwa Mikutano Mikuu ya Vijiji yenyewe. Pendekezo hilo halikukubaliwa, na sheria inampa Rais uwezo wa kuhamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma. Mwaka 2022 kilometa za mraba 1,500 huko Loliondo ziliwekewa mipaka zikawa pori tengefu, na baadaye pori la akiba. Wafugaji walisema ni ardhi ya vijiji vyao. Serikali ilisema ni lazima kulinda wanyama na vyanzo vya maji. Nalitaja ili mjue kwamba udhamini una ngazi, na mdhamini wa juu naye huulizwa: unamshikia nani? Kijiji chenye mpango uliopitishwa na kumbukumbu zilizoandikwa huuliza swali hilo kikiwa kimesimama. Kisicho navyo huuliza kikiwa kimepiga magoti.

TUNAHUSIKAJE SISI

Mtaniuliza, haya yanatuhusu nini sisi tulio mjini? Ndugu zangu, yanatuhusu kuliko yanavyowahusu Wahadzabe. Anayekwenda Simanjiro na gari na bahasha kutafuta ekari mia mbili si mtu asiyesoma. Ni mtumishi aliyepata kiinua mgongo, mfanyabiashara, mheshimiwa. Ni mtu wa namna yetu. Na kijana wa kijiji anayemwonyesha njia na kupokea chake naye amemaliza kidato cha nne. Shule zilitufundisha kusoma ramani, na wapo waliotumia elimu hiyo kutafuta pasipokuwa na jina.

Na tusiwatazame Wamasai tu. Sisi wa mlimani tulikuwa na kihamba. Kihamba hakikutoka nje ya ukoo kimya kimya. Wazee walikaa, wakauliza, wakakataa. Leo mtoto mmoja aliye Dar es Salaam anauza sehemu yake kwa simu, na ndugu zake wanajua mambo wanapoona tofali zinashushwa kwenye migomba. Sisemi watoto wasirithi, wala sisemi binti zetu wanyimwe. Wao ni wenye haki sawa na kaka zao. Nasema ukoo nao unaweza kukaa, ukaandika nani wenye sauti, na ukaandika kwamba hakuna kuuza pasipo wote kuitwa.

Basi nina maombi matatu. La kwanza: kabla ya kununua ekari hata moja kijijini, omba kuona kumbukumbu za Mkutano Mkuu wa Kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi. Ukiambiwa havipo, panda gari urudi. La pili: humu ukumbini wamo mawakili, wapima, wahasibu na maofisa wa wilaya. Kila mmoja atoe wiki moja kwa mwaka kwa kijiji kimoja. Wiki moja ya wakili kusoma sheria ndogo na ya mhasibu kufundisha daftari ina thamani kuliko michango yetu mingi ya harusi. La tatu: mkirudi nyumbani mwezi Desemba, kabla ya mbuzi kuchinjwa, iteni kikao cha ukoo juu ya shamba la wazee, mkaandike.

Vijana wa kidato cha sita mliotuhudumia leo, mtakapokuwa na umri wetu, nchi hii itakuwa na watu wengi zaidi kuliko leo, na ardhi itakuwa ile ile. Tuliyoikuta ilishikwa na watu ambao wengi wao hawakujua kusoma, wakaishika. Itakuwa aibu ikipotea mikononi mwa waliosoma.

Ndugu Mwenyekiti, nimezidisha dakika tatu, na wapishi wananitazama.