Mrushaji wa Softiboli Hujengwa Wakati wa Likizo

Hotuba ya mwalimu wa michezo kwa walimu, wazazi na wachezaji, Kitengela. Tunaichapisha kwa manufaa ya wakazi wote wa Kaunti ya Kajiado.

  

Nimekuja kuzungumza juu ya miezi ambayo hatuchezi. Shuleni kwetu michezo ya mpira ni ya muhula wa kwanza na wa pili. Muhula wa tatu ni wa mitihani, na baada yake inakuja likizo ndefu ya Novemba na Desemba. Kwa hivyo kuanzia mwisho wa Agosti hadi Januari, mipira na glavu hufungiwa stoo. Januari tunafungua stoo, tunampa msichana mpira na kumwambia, "Haya, rusha." Baada ya wiki mbili anashika bega. Tunasema ni mvivu, au hajala vizuri. Ukweli ni kwamba hakuandaliwa.

Mrushaji ni nani?

Kwa wazazi ambao hawajauona mchezo huu, nianze na raunda. Kina mama wengi hapa mlicheza raunda mkiwa shule ya msingi. Mpira ulirushwa kwa mkono wa chini, mpigaji akaupiga, akakimbia. Softiboli ni jamaa ya raunda. Ulianzia Chicago, Marekani, mwaka 1887. Mpira wake ni mkubwa, mzunguko wake ni kama sentimita 30, na uzito unakaribia gramu 200. Kwa wanawake, mrushaji husimama mita 13.11 kutoka kwa mpigaji. Mkono wake huzunguka duara kamili, kama mapanga ya ile mitambo ya upepo kwenye vilima vya Ngong, na mpira hutoka mkono ukipita karibu na nyonga. Mpira mzuri hupita juu ya besi ya mpigaji, kati ya magoti yake na kwapa.

Kila pigo la mchezo linaanzia kwa mrushaji. Wachezaji wengine wanaweza kukaa dakika kumi bila kuguswa na mpira, lakini yeye hapumziki. Ndiyo maana timu ikiwa na mrushaji mmoja tu, yeye ndiye hubeba timu nzima, na yeye ndiye huumia.

Kuna dhana kwamba kurusha kwa mkono wa chini hakuumizi. Nami niliiamini kwa miaka mingi. Watafiti Marekani walipima jambo hili katika miaka ya 1990, wakaona kwamba nguvu inayovuta bega mkono unapozunguka inaweza kukaribia uzito wa mwili wa mrushaji mwenyewe. Msichana wa kilo 45 akirusha mara 100, hesabu mwenyewe bega limevutwa mara ngapi.

Kosa langu

Naomba niwaambie kosa langu, ili lisirudiwe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule ambayo sitaitaja, nilikuwa na mrushaji mmoja. Alikuwa na miaka 14. Mkono wake ulikuwa na shabaha ambayo sijaiona tena. Siku moja ya mashindano alirusha michezo mitatu, asubuhi hadi jioni. Katika mchezo wa pili aliniambia, "Mwalimu, bega linauma hapa mbele." Nilimpaka dawa ya kuchua, nikamrudisha uwanjani. Tulishinda. Sikujua amerusha mara ngapi kwa sababu hakuna aliyekuwa akihesabu.

Baada ya siku hiyo hakuweza kurusha tena. Aliacha kuja mazoezini, nami sikumfuata, kwa kuwa nilikuwa natafuta mrushaji mwingine. Desemba ikafika, likizo ikaisha, Januari kiti chake darasani kikawa kitupu. Nilipata habari mwezi wa Februari kwamba ameozwa. Wakati huo nilikuwa najua matokeo ya mechi zetu zote, lakini sikujua kwamba msichana wangu ameondoka kijijini kwao wiki saba zilizopita.

Tangu mwaka ule natembea na daftari. Yote nitakayosema sasa yamo katika daftari hilo.

Miezi mitano, hatua nne

Hatua ya kwanza ni kupumzisha mkono. Septemba hadi katikati ya Oktoba, mrushaji asirushe kabisa. Akimbie, acheze mpira wa miguu, acheze kati na wadogo zake lakini awe yule wa katikati anayekwepa. Mkono hauozi kwa kupumzika. Ng'ombe akitembezwa umbali mrefu kila siku bila kulala hatoi maziwa, na wafugaji hapa mnalijua hilo kuliko mimi.

Hatua ya pili ni miguu na kiuno. Hii ni katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Novemba. Watu hutazama mkono wa mrushaji, lakini kasi ya mpira hutoka ardhini. Mguu husukuma, nyonga hugeuka, na mkono unamalizia. Miguu ikiwa dhaifu, bega hulazimika kufanya kazi ya miguu, na hapo ndipo linapoumia. Mazoezi ni rahisi: kuchuchumaa na kuinuka mara 15, kuruka mbele kwa mguu mmoja na kutua bila kuyumba, kulala chali na kuinua kiuno. Kwa mabega na mgongo, tumieni ule mpira wa tyubu ambao watoto huchezea blada. Ufungeni kwenye nguzo, msichana auvute kuelekea kifuani polepole, mara 15 kwa seti mbili. Dakika 20, siku tatu kwa wiki, zinatosha. Aliye na mtihani asome kwanza.

Hatua ya tatu ni ufundi, mwezi wa Desemba. Aanze karibu, hatua tano kutoka ukutani, na kifundo cha mkono tu. Asirushe kwa nguvu, ajifunze mpira unavyotoka vidoleni. Wiki ya kwanza mirusho 30 kwa siku, siku tatu kwa wiki, na kati ya siku hizo apumzike. Kila wiki aongeze mirusho 10 na kurudi nyuma hatua mbili. Asiye na mpira wa softiboli atumie soksi iliyojazwa vitambaa. Asiye na mdakaji aninginize tairi kuukuu, katikati yake ikiwa usawa wa kiuno cha mpigaji, arushe mpira upite ndani ya tairi.

Wakati huo mvua huwa zimenyesha, na udongo wetu mweusi wa Kitengela unateleza kama sabuni. Msichana asifanye zoezi hili kwenye matope. Mguu wa mbele ukiteleza, goti na kiuno huumia. Tafuteni sakafu kavu, baraza la darasa au uwanja wa murram.

Hatua ya nne ni Januari. Arudi umbali kamili na arushe kwa nguvu, lakini awe na mpigaji mbele yake, maana kurushia ukuta na kurushia mtu ni mambo mawili. Hapo ndipo hesabu inakuwa sheria. Miongozo inayotumika Marekani inashauri mirusho isiyozidi 80 katika mchezo mmoja kwa mwenye miaka 13 na 14, na 100 kwa mwenye miaka 15 na zaidi. Ikifika, atolewe, hata kama tunaongoza, hata kama ni fainali.

Najua mtaniuliza habari za Yukiko Ueno wa Japani. Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 alirusha mara 413 kwa siku mbili, na Japani wakachukua dhahabu. Ni kweli. Lakini alikuwa mtu mzima wa miaka 26, mwenye miaka mingi ya maandalizi. Mimi hupenda zaidi sehemu ya pili ya habari yake: michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, akiwa na miaka 39, alirusha tena na kuchukua dhahabu tena. Sisi tunawamaliza wetu wakiwa na miaka 15. Softiboli inarudi Olimpiki mwaka 2028 kule Los Angeles. Msichana wa Gredi ya 7 leo akitunzwa, mbele yake kuna miaka 20 ya mchezo.

Kwa wazazi

Mama, baba, mna kazi tatu tu.

Kwanza, mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20. Sisemi binti asisaidie nyumbani. Nasema siku aliyobeba mitungi mingi, amekwisha fanya mazoezi ya mkono. Siku hiyo asirushe, na jambo hili liandikwe daftarini.

Pili, maumivu ya misuli baada ya mazoezi huisha kwa siku moja au mbili. Lakini bega likiuma upande wa mbele, au vidole vikifa ganzi, au maumivu yakimwamsha usiku, aache kurusha na apelekwe kituo cha afya. Msimpake dawa ya kuchua kisha mkamrudisha uwanjani. Mimi nilifanya hivyo, na mmesikia yaliyofuata.

Tatu, mwacheni aje. Kule Kimana, tangu mwaka 2012, vijana wetu wa kiume hushindana kurusha mkuki na rungu katika Maasai Olympics, na tunawashangilia. Wasichana hushindana kwa mbio. Hakuna aliyewahi kumpa binti rungu, lakini mtazameni akicheza kati: macho yake na mkono wake vinajua shabaha. Akiomba saa moja mara tatu kwa wiki wakati wa likizo, mpeni.

Daftari

Sasa nimalizie na daftari. Kila shule iwe na warushaji watatu, si mmoja. Mkono mmoja haulei mwana, na hauchezi msimu. Kila mrushaji awe na ukurasa wake: tarehe, idadi ya mirusho, maumivu yapo au hayapo, amefika au hajafika.

Neno hilo la mwisho ndilo zito. Wote hapa tunajua likizo ya Desemba ni wakati gani kwa wasichana wetu. Ndipo ukeketaji hufanyika kwa siri, na ndipo mipango ya ndoa hupangwa. Sheria ya mwaka 2011 imepiga marufuku ukeketaji, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 haimruhusu yeyote aliye chini ya miaka 18 kuoa wala kuolewa. Lakini sheria haijui kwamba msichana fulani hakuonekana Jumanne. Daftari linajua.

Kwa hivyo katika kikundi chetu tuna kanuni moja. Msichana akikosa mara moja, mwenzake anapita kwao kumjulia hali. Akikosa mara mbili, mwalimu anapiga simu au anakwenda. Mara nyingi utakuta ana homa, au amekwenda kwa nyanya yake Loitokitok, na mnacheka. Ikiwa si hivyo, mwambieni chifu siku hiyo hiyo, au pigeni simu bila malipo 116 kwa habari za mtoto, au 1195 kwa habari za dhuluma ya kijinsia. Na aliyeumia bega asifutwe daftarini. Aje akae, ahesabu mirusho ya wenzake. Yule wangu nilimfuta, na nilipoacha kumhesabu mimi, hakuna mwingine aliyemhesabu.

Walimu, naomba kila mmoja wenu aondoke hapa akiwa na majina matatu. Andikeni leo, kabla stoo haijafungwa. Wachezaji, bebeni mpira wa tyubu nyumbani. Wazazi, ulizeni kila jioni, "Leo umerusha mara ngapi?" Atakapojibu, mtajua mambo mawili: hali ya mkono wake, na kwamba yuko nyumbani.