Nani Kasema Hawapo? Rangi, Mlango na Elimu ya Fiziotherapia Nchini Marekani



Msomi mmoja ninayemheshimu alisema kwenye kongamano kwamba wanafunzi na walimu Weusi ni haba katika vyuo vya fiziotherapia vya Marekani kwa sababu moja tu: waombaji wenye sifa hawapo. Wengi wakaitikia. Jioni hii nimekuja kumjibu.

Kuundwa kwa chama cha wanafiziotherapia wa Marekani mwaka 1921 chini ya Mary McMillan, vita viwili vya dunia, safari ya fani hadi shahada ya udaktari: hayo mnayajua, nayapita. Nitakaa Tuskegee, Alabama, ingawa kisa chake kinaanzia Georgia.

Katika miaka ya 1930, Warm Springs, kituo cha Rais Roosevelt huko Georgia, kilikuwa kimbilio la waliopoozwa na polio, ila si Weusi. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba polio huwapata Weusi kwa nadra, na takwimu zilitajwa. Lakini mtoto wa mkulima wa pamba asiyefikishwa kwa daktari ataandikwa wapi? Asipoandikwa hahesabiwi, na asipohesabiwa husemwa haugui. Mwanahistoria Naomi Rogers aliyafukua haya katika makala yake ya mwaka 2007, nami huwataka wanafunzi wangu waisome mara mbili: kwanza kwa ajili ya polio, kisha kwa ajili ya udahili. Weusi walipopaza sauti, fedha zikatoka. Mwaka 1941 kikafunguliwa Tuskegee kituo cha vitanda 36, chini ya daktari bingwa wa mifupa Mweusi, John Chenault, kitibu na pia kifundishe wataalamu Weusi. Wagonjwa walioambiwa hawapo wakaja. Ni kweli, kituo hicho kiliwapa Warm Springs kisingizio cha kuendelea kubagua. Lakini ile hoja ya uhaba ilianza kuyumba pale, na hoja ya waombaji wasiokuwapo ni ndugu yake.

Yule msomi wa kongamano atasema: na viwango je? Viwango vibaki, na mtihani wa leseni ubaki. Mgonjwa hahitaji huruma ya mtu asiyelijua goti. Ila tuulize viwango vya nani. Nikiwa mwalimu Marekani, nilimwona mwanafunzi hodari kuliko wenzake akitafuta wekundu kwenye kisigino cha mzee Mweusi. Hakuuona, akaandika kwamba ngozi iko salama. Nikagusa kwa mgongo wa vidole: kisigino kilikuwa cha moto na kigumu kuliko cha pili. Kidonda cha kulalia kilikwishaanza. Aliyemfundisha alikuwa na ngozi nyeupe tu akilini.

Tena, vyuo vingi hutaka mwombaji awe ametumia saa nyingi kliniki akitazama kazi, bila malipo. Kijana anayefunga duka usiku ili alipe kodi ya nyumba atazipata wapi saa hizo? Halafu tunahesabu fomu na kusema hawapo.

Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 2023, rangi yenyewe haiwezi kuwa kigezo cha udahili. Sawa. Sharti la saa za bure linaweza kufutwa kesho bila kugusa uamuzi huo. Nami nashikilia, hata mkinipinga, kwamba kazi ianze kwa walimu: tafuteni wahadhiri kutoka kliniki za mitaa ya Weusi, wapeni madarasa na kura katika kamati ya udahili, ndipo mhesabu waombaji.