Hizi Mia Sita ni za Nani?

Twawasalimu nyote, ninyi mlio mezani mkinywa chai ya asubuhi, ninyi mlio njiani kwenda kazini, na hasa ninyi akina mama mnaotusikiliza huku mkichochea jiko. Leo twataka kuzungumza juu ya jiko hilo, pamoja na taa iliyo juu yake, kwa maana siku hizi hatuingii nyumba yoyote kuomba na wenyeji tusisikie habari za gharama zake.

Mtu akinunua tokeni za stima kwa simu huletewa ujumbe mfupi. Wengi wetu hutafuta zile nambari ishirini tu, tukazibonyeza kwenye mita, taa ikawaka, basi. Lakini siku moja hebu usome ujumbe huo wote. Utaona kwamba fedha zako zimegawanywa mafungu mawili: fungu la tokeni zenyewe, na fungu liitwalo gharama nyingine. Hapo ndipo penye maneno mengi.

Ndani ya gharama nyingine mna fedha za mafuta yanayochomwa katika mitambo ya dizeli, ambayo hutumika zaidi mvua isiponyesha na mabwawa yakapungua. Mna fedha za kufidia kushuka kwa shilingi yetu, kwa sababu madeni mengi ya umeme hulipwa kwa dola. Na mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika shilingi 160. Mna za kufidia kupanda kwa bei, mna ada ndogo ya maji ya mito inayozungusha mitambo, na ada ya wale wanaosimamia nishati. Mna ushuru wa asilimia 5 wa kupeleka stima mashambani. Kisha yaja ile kodi iitwayo VAT, asilimia 16, nayo haitozwi kwa bei ya stima peke yake, bali hata kwa yale mafuta ya mitambo. Mzee mmoja alituambia kwamba amelipa kodi juu ya ukame. Tulicheka, lakini hakukosea sana.

Wala hatusemi kwamba kila ushuru ni ubaya. Mpango wa kupeleka stima mashambani ulianza mwaka 1973, na wengi wetu tunaoongea sasa tulisoma kwa koroboi, tukaamka asubuhi pua nyeusi kwa masizi. Leo shule zile zile zina taa. Mtu wa mjini anayelipa ile asilimia 5 amemwashia taa mtoto asiyemjua, na hilo ni jambo jema hata kama halilipi kwa kupenda.

Lakini mafuta ya taa yatutia huzuni. Mwaka 2018 yaliwekewa ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita. Kwa nini? Kwa sababu wafanyabiashara fulani walikuwa wakiyanunua kwa bei rahisi na kuyachanganya na dizeli, wakaharibu injini za watu na kuikosesha serikali mapato yake. Dawa iliyotafutwa ni kupandisha bei ya mafuta ya taa, ikaribiane na ya dizeli, ili mchanganyaji asione faida. Na kweli dawa ilifanya kazi. Ila mama anayetuma mtoto dukani na chupa ya nusu lita aliongezewa shilingi 9 kila mara, naye hajamiliki lori maishani mwake, wala hajachanganya chochote ila unga na maji. Mwenye kosa alikuwa mwingine.

Gesi nayo imepanda na kushuka kama ndoo ya kisimani. VAT iliondolewa mwaka 2016, ikarudishwa kwa asilimia 16 mwezi wa Julai 2021, na mapema mwaka uliofuata mtungi wa kilo 13 ulikuwa umepita shilingi 3,000. Ikapunguzwa kuwa asilimia 8 mwaka 2022, ikaondolewa tena mwaka 2023. Katika mwaka huo huo wa 2023 VAT ya petroli, dizeli na mafuta ya taa ilitoka asilimia 8 ikawa 16. Nyumba iliyokuwa imeacha makaa na kununua mtungi ilijikuta imerudi kwenye makaa, na mtungi umesimama pembeni umefunikwa kitambaa na kuwekwa maua juu yake. Hayo tumeyaona kwa macho yetu.

Twakiri, wapendwa, kwamba hotuba hii tulikuwa tumeiandaa iishie karibu na hapo. Tulitaka kusema maneno makali kidogo juu ya watoza ushuru, kisha tuombe. Hata Zakayo tulikuwa tumempangia nafasi yake, ingawa tangu 2023 jina lake limekuwa la mzaha wa siasa katika nchi yetu, na mhubiri akilitaja madhabahuni watu huanza kucheka kabla hajafika penye mkuyu. Ndipo mama mmoja mpangaji akatujia na daftari la shule.

Nyuma ya kanisa letu pana ploti ya vyumba kumi na viwili, ambavyo kanisa limevipangisha tangu zamani. Mita ya stima ni moja. Kila chumba hulipa kodi ya nyumba, na juu yake shilingi 600 za stima kwa mwezi, atumie asitumie. Mpango huo tuliurithi na hatukuuliza. Mama huyo anakaa chumba nambari saba. Ana balbu moja na simu. Akiwa na haja ya kupiga pasi huomba kwa jirani mwenye jiko la makaa. Alitufungulia daftari. Kwa miezi mitatu alikuwa ameandika kila tokeni iliyonunuliwa, kwa sababu kijana wetu mwangalizi wa ploti humsomea nambari hizo yeye azibonyeze, mita ikiwa karibu na mlango wake.

"Baba Mchungaji," akasema, "vyumba kumi na viwili mara mia sita ni shilingi 7,200. Mwezi uliopita mlinunua stima ya shilingi 4,700. Hizi mia sita zangu ni za nani?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulimwambia tutaangalia. Tulipomwita mtunza hazina wetu, mzee mwaminifu ambaye hajapoteza hata senti ya kanisa, alituonyesha vitabu pasipo kusita. Zile 2,500 zilizobaki ziliandikwa "mengineyo." Ndizo zilizonunua rangi ya ukuta wa mbele, ukuta ambao sisi wenyewe tulisimama kando yake siku ya sherehe na kuwashukuru wahisani.

Kuna jambo jingine baya zaidi, nalo tulilijua baadaye. Bei ya yuniti ya stima si moja kwa watu wote. Hupangwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu: atumiaye kidogo hulipa bei ya chini, apitaye yuniti 100 kwa mwezi hulipa bei ya juu. Mwezi wa Aprili 2023 mpaka wa ile bei ya chini uliteremshwa kutoka yuniti 100 hadi 30. Sasa fikirini. Vyumba vyetu kumi na viwili, kila kimoja peke yake, huenda hakifiki hata yuniti 20. Lakini kwa kuwa vyote vimefungwa katika mita moja, mita hiyo huhesabiwa kama tajiri mmoja mwenye jumba, birika la umeme na mashine ya kufulia. Kwa hiyo yule mama mwenye balbu moja amekuwa akinunua stima kwa bei ya watu wenye jumba, kisha sisi tukaongeza yetu juu yake. Na hiyo yetu haikupitia Bungeni wala haikutangazwa gazetini.

Ndipo tulipoisoma upya sura ya tatu ya Luka. Watoza ushuru walimjia Yohana pale Yordani wakataka kujua wafanye nini. Sisi siku zote tumedhani aliwaambia waache kazi hiyo mbaya. Hakuwaambia hivyo. Aliwaagiza tu wasimtoze mtu zaidi ya kiasi walichowekewa. Tumehubiri habari hiyo miaka mingi tukiwaelekezea kidole watu wa Nairobi. Siku ile tuliisoma tukiwa na daftari la mama huyo mezani.

Kikao cha wazee kilikuwa kigumu, wala hatutawaficha. Wengine walisema fedha zile zilikwenda kwa kazi ya Mungu, basi hakuna aliyeibiwa. Wengine wakauliza kama twataka kuwafundisha wapangaji kiburi. Mzee mmoja, naye ana ploti yake mtaa wa pili yenye mita moja vile vile, alinyamaza kutoka mwanzo hadi mwisho. Tulimaliza karibu saa tatu ya usiku. Ilikubaliwa kwamba kila chumba kiwekewe mita ndogo ya kuhesabia, kila atumiacho mtu ndicho alipe kwa bei ile ile tuliyonunulia, na risiti za tokeni zibandikwe mlangoni ambapo kila mtu atazisoma. Ilikubaliwa pia kuomba mita rasmi kwa kila chumba, ili wenye kutumia kidogo wapate ile bei ya chini; ombi hilo limepelekwa, twangojea. Juu ya fedha zilizokwisha kukusanywa miaka iliyopita hatukupatana. Zakayo alirudisha mara nne. Wazee wetu wamekubali kurudisha miezi mitatu iliyo katika daftari, na wengine wetu bado twaona ni kidogo.

Mwezi uliopita ulikuwa wa kwanza kwa mita hizo ndogo. Chumba nambari tatu, chenye friji na redio kubwa, kililipa shilingi 740, na mwenyewe akanung'unika. Chumba nambari saba kililetewa hesabu ya shilingi 180. Mama alihesabu fedha mkononi mwa kijana wetu, akaandika katika daftari lake, akamwomba naye atie sahihi.