Heshima kwa Wazee na Nguvu ya Miguu Yao



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mifupa na Mwenye kuivika nyama. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, katika Sura ya Ar-Rum Mwenyezi Mungu (S.W.T.) anatukumbusha daraja tatu za umri wetu: kwamba tumeumbwa dhaifu, kisha tukapewa nguvu, kisha baada ya nguvu huja udhaifu tena pamoja na mvi. Naye Nabii Zakaria (A.S.), alipomwomba Mola wake mtoto, alitanguliza kukiri kwamba mifupa yake imekwisha kulegea. Basi uzee si aibu, na udhaifu wa mwili si adhabu. Lakini kuna jambo moja ambalo watu huliona dogo, nalo limewalaza kitandani wazee wengi wa nyumba zetu wasiinuke tena. Jambo hilo ni kuanguka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 kati yao ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Waliopita miaka 60 ndio wanaokufa kwa wingi zaidi. Na katika wanaosalimika wamo wanaovunjika nyonga, na mzee aliyevunjika nyonga akalala miezi mitatu huenda asirejee kuwa yule aliyekuwa.

Sisi tunaokaa Nyanda za Juu Kusini tunayo sababu ya kulifikiri zaidi jambo hili. Mji wa Iringa umejengwa juu ya kilima, na Mto Ruaha Mdogo uko bondeni. Mbeya nayo imelala chini ya milima, na mitaa yake mingi ni ya kupanda na kushuka. Kuanzia Novemba mpaka Aprili njia zetu za udongo huteleza kama zilizopakwa sabuni. Ikifika Juni na Julai, baridi hukaza viungo. Mfikirieni bibi wa miaka 75 anayeamka kabla ya Alfajiri, magoti hayajapata moto, anatoka gizani kwenda chooni uani amevaa kandambili zilizolika kisigino, kisha anasimama kwa mguu mmoja juu ya sakafu yenye maji ili auoshe mguu wa pili kwa udhu. Amekusudia ibada, nasi watoto wake tumelala.

Tutawasimulia yaliyotufika sisi wenyewe. Mama yetu mzazi aliteleza siku moja ya masika akitoka bustanini kwake na kikapu cha mboga. Hakuvunjika, alichubuka kiwiko tu. Lakini sisi watoto wake tulishikwa na hofu, tukakutana, tukapitisha hukumu: asiende tena bustanini, asichote maji, asifagie. Tukamnunulia kiti chenye mito, tukamwekea karibu na jiko la mkaa, tukamwambia, "Mama, wewe kaa tu, umekwisha kutulea, sasa ni zamu yetu." Majirani walitusifu kwa wema wetu, nasi tukafurahi kusifiwa. Haukupita mwaka, mama hakuweza kuinuka katika kile kiti bila kuvutwa mikono miwili. Akaanguka tena, na safari hii ni ndani ya nyumba, juu ya mkeka, mahali pasipo tope wala kilima. Akatuambia, "Wanangu, mmeninyang'anya miguu yangu." Maneno hayo tumekuwa tukiyabeba tangu siku hiyo.

Amri ya kuwafanyia wema wazazi iko katika Sura ya Bani Israil, nayo inataja hasa hali ya mzazi kufikia uzee akiwa kwetu. Tumeisomesha aya hiyo madrasa kwa miaka mingi, na bado tulikosea katika kuitenda, kwa kuwa tulidhani wema ni kumkalisha mzee. Mwili hauko hivyo. Msuli usiotumika hupungua, na mizani ya mwili isiyozoezwa hupotea. Na aliyekwisha kuanguka mara moja huogopa, akiogopa hutembea kidogo, akitembea kidogo hudhoofika, na udhaifu ule ndio unaomwangusha mara ya pili.

Je, miguu iliyokwisha kudhoofika hurejea? Mwaka 1997 madaktari wa Dunedin, mji wenye baridi na miinuko mikali huko New Zealand, walitangaza matokeo ya kazi yao kwa wanawake 233 wenye umri wa miaka 80 na zaidi. Nusu yao walifundishwa nyumbani mazoezi mepesi ya nguvu za miguu na ya mizani, na nusu waliachwa na desturi zao za kila siku. Baada ya mwaka mmoja, walioachwa walikuwa wameanguka mara 152, na waliofundishwa mara 88. Hawa ni vikongwe wa miaka 80, si vijana! Kisha mwaka 2019 wataalamu walikusanya tafiti 108 za namna hiyo, zenye watu zaidi ya 23,000 katika nchi 25, wakaona kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa kiasi cha robo hivi. Na yakichanganywa ya mizani na ya kutia nguvu, hupunguza kwa kiasi cha theluthi.

Mazoezi yenyewe hayahitaji uwanja wala ada. Mzee aketi juu ya kiti kigumu kisichoyumba, kilichoegemezwa ukutani, kisha asimame na kuketi polepole, mara tano, na siku zikipita mara kumi, akijitahidi asijisukume kwa mikono. Ashike ukuta au meza nzito, ainuke juu ya vidole vya miguu, kisha asimame juu ya visigino. Atembee kando ya ukuta akitanguliza kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine. Atembee upandeupande, kama apitaye kati ya safu msikitini. Asimame kwa mguu mmoja huku ameshika, na mtoto au mjukuu asimame ubavuni pake. Afanye hivyo siku tatu au zaidi kila wiki, na asiache, kwa sababu faida huondoka mtu anapoacha. Kutembea barabarani ni jambo jema, lakini peke yake hakutoshi. Mizani haina budi ifundishwe. Na mwenye kizunguzungu, au maumivu ya kifua, au aliyeanguka zaidi ya mara moja, atangulie kwa daktari apimwe macho na shinikizo la damu na kutazamwa dawa anazokunywa, maana zipo dawa zinazoyumbisha watu.

Wako watakaouliza: je, sala haitoshi? Sisi hatupendi maneno ya wale wanaoigeuza sala kuwa mchezo wa viungo. Sala ni ibada, na nia yake ni Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini mwenye kusimama, akarukuu, akasujudu na kuinuka mara tano kwa siku, mwili wake nao hupata fungu lake. Ndiyo maana linatutia wasiwasi jambo tunaloliona misikitini siku hizi: viti vya plastiki vinaongezeka safu ya nyuma, na miongoni mwa wanaovikalia wamo watu waliokuja kwa miguu yao kutoka sokoni. Mgonjwa ana ruhusa ya kuketi, na asilaumiwe na mtu yeyote, wala asijihatarishe. Lakini kusimama katika sala ya faradhi ni nguzo kwa mwenye kuweza, na anayeweza kwa kuegemea ukuta au fimbo, basi na aegemee.

Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alipata kuanguka kutoka juu ya farasi, akaumia, akasali ameketi mpaka alipopona. Alipokuwa mtu mzima na mwili umekuwa mzito, alikuwa na nguzo mahali pake pa kusalia akiiegemea, kama ilivyopokewa katika Sunan ya Abu Daud. Na Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kuwa katika sala za usiku za umri wake wa mwisho alikuwa akisoma ameketi, na zinapobaki aya kama thelathini au arobaini husimama, akazisoma wima, kisha akarukuu. Tazameni alivyoipokea ruhusa bila ya kukiacha kisimamo. Na wazee wanaoona haya kushika mkongojo wamkumbuke Nabii Musa (A.S.), ambaye alipoulizwa kilichomo mkononi mwake, jambo la kwanza alilolitaja ni kwamba huegemea fimbo ile.

Tunaziomba kamati za misikiti, za Mbeya na za Iringa, ziyatazame mahali pa kutilia udhu. Wekeni benchi la saruji mbele ya bomba ili mzee aoshe miguu ameketi. Wekeni bomba la chuma la kushika kwenye ngazi na chooni. Fagieni ukoka unaoota sakafuni, na taa iwake kabla ya adhana ya Alfajiri. Na nyumbani, mwezi huu wa mvua, mnunulieni mama viatu vyenye soli isiyoteleza kabla ya kumnunulia kanga nyingine.

Mama yetu, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, alianza kwa kuinuka mara tatu tu asubuhi, mjukuu wake akihesabu. Bustanini amerudi, kwa mkongojo, nasi tumemchimbia ngazi katika mteremko na kuiwekea mti wa kushika. Kikapu anabeba mwenyewe. Tumejaribu kumpokea, amekataa.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi na wazazi wetu.